Majasusi wa Bei Poa

Mwaka 1967 mpiga lipu wa Edinburgh aitwaye Neil Connery alitundikwa kwenye mabango ya sinema akiwa jasusi. Uigizaji haukuwa kazi yake. Alichokuwa nacho ni kaka: Sean Connery, baba mmoja mama mmoja, na miaka ile ukimtajia mwenda sinema yeyote jina la Sean Connery, anakujibu James Bond. Mtayarishaji wa Kiitaliano, Dario Sabatello, akapiga hesabu zake. Mkubwa hashikiki bei, mdogo je? Filamu wakaiita OK Connery, na ili mtazamaji asipotee njia wakawakodi watu wa Bond wenyewe. Alikuwemo Bernard Lee, aliyezoeleka kama bosi wa Bond, na Lois Maxwell, katibu muhtasi wa bosi huyo. Adolfo Celi, adui mkuu wa Thunderball, akaja. Daniela Bianchi, mrembo wa From Russia with Love, akaja. Hata Anthony Dawson, yule profesa mwovu wa Dr. No, akaja. Muziki wakawapa Ennio Morricone na Bruno Nicolai. Aliyekosekana ni Bond tu.

Hadithi yenyewe sitaisimulia yote, maana haisimuliki. Genge la waovu lina mtambo wa sumaku unaozima kila chenye injini. Tajiri angefikishwa hapo angeleta helikopta na manowari. OK Connery inaleta wapiga mishale kutoka Uskoti. Mshale hauna injini, wala haunywi mafuta. Nilipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikanyamaza nikafikiri: aliyeandika hapa alikuwa amekaa na daftari la matumizi mkononi.

Kazi yangu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, hapa Dar es Salaam. Nakaa kwenye chumba kidogo kilichozibwa sponji ukutani, hedifoni masikioni, namtazama mama wa Istanbul akilia na mimi nalia naye kwa Kiswahili, huku fundi wa sauti akininyooshea kidole kwamba nimechelewa. Ndiyo maana filamu hizi za majasusi wa bei poa nazitazama kwa jicho la kazi. Watu wengi wanaozipenda huzipenda kwa kuzicheka: ndevu za bandia, gari linaloporomoka bondeni likiwa limebadilika rangi njiani. Mimi pia nacheka. Lakini kinachonirudisha kwazo usiku baada ya usiku ni kwamba fedha zilipokatika, kazi ilibaki uchi, na unamwona fundi akitafuta njia. Kwenye filamu ya mabilioni fundi hafichuki.

Tuanzie Roma. Dr. No ilitoka 1962 kwa gharama ya kama dola milioni moja. Goldfinger, miaka miwili baadaye, ilikula kama milioni tatu na kurudisha mara nyingi zaidi. Roma walikuwa wakiangalia. Mji ule ulikuwa na viwanja vya kupigia filamu vya Cinecittà, vilivyofunguliwa 1937, na ulikuwa na jeshi zima la maseremala, washonaji, wapiga picha na watu wa kuanguka kutoka ghorofani kwa ujira. Tangu 1958, Steve Reeves alipocheza Hercules katika Le fatiche di Ercole, jeshi hilo lilikuwa likiishi kwa filamu za mashujaa wa kale wenye vifua wazi. Kufikia 1964 watazamaji walishachoka na vifua. Basi vikavalishwa suti. Ken Clark, Roger Browne, Richard Harrison, Brad Harris: Wamarekani waliokuwa Roma wakicheza mashujaa wa panga na mahekalu, sasa wakafungwa tai, wakapewa bastola na tiketi ya ndege. Ukiwatazama vizuri, mabega bado yanagombana na koti.

Kuanzia hapo mpaka 1967 au 1968 filamu hizo zilimwagika kwa wingi kutoka Italia, Ufaransa, Hispania na Ujerumani Magharibi, mara nyingi nchi mbili tatu kwa filamu moja. Namba za majasusi ni kichekesho kitupu: 077, 008, 3S3, SuperSeven. Mtu anayepita barabarani kwa haraka akiona bango angeweza kudhani ni 007, na haraka hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji. Waongozaji nao walivaa majina ya Kiingereza. Sergio Grieco, aliyeongoza Agente 077 missione Bloody Mary mwaka 1965, alijiita Terence Hathaway. Sergio Sollima alikuwa Simon Sterling. Gianfranco Parolini alikuwa Frank Kramer. Antonio Margheriti alijiita Anthony M. Dawson, na asikuchanganye na yule Anthony Dawson wa OK Connery, ambaye alizaliwa na jina lake na wala hakuwa Mtaliano.

Ila tusiwasingizie wote wizi. Mfaransa Jean Bruce alitoa kitabu cha kwanza cha jasusi wake, OSS 117, mwaka 1949, miaka minne kabla Ian Fleming hajatoa Casino Royale. Alikufa 1963 katika ajali ya gari, akiendesha Jaguar, kifo ambacho mwandishi mwingine angekikataa kwa kuwa kinafanana mno na vitabu vyake. Mwaka huohuo mwongozaji André Hunebelle alianza mfululizo wa filamu za OSS 117, kwanza na Kerwin Mathews, kisha na Frederick Stafford, mzaliwa wa Czechoslovakia ambaye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuingia kwenye filamu. Stafford akaonwa na Alfred Hitchcock, akapewa nafasi kuu katika Topaz ya 1969. Kati ya hao wote wa bei poa, sijui mwingine aliyepanda ngazi kwa mruko kama ule, na ukweli usemwe, Topaz si miongoni mwa kazi bora za Hitchcock. Stafford alipendeza zaidi akiwa OSS 117 huko Bahia na Tokyo, akipigana ndani ya hoteli.

Sasa fedha. Tangu 1949 Italia na Ufaransa zilikuwa na makubaliano kwamba filamu iliyotengenezwa kwa ubia ihesabiwe kuwa ya nyumbani katika kila nchi, ipate ruzuku huku na kule. Makubaliano ya namna hiyo yakaenea. Masharti yake ni kwamba kila mbia alete watu wake. Ukilijua hilo, orodha ya waigizaji unaisoma kwa macho mengine. Kwa nini inspekta wa polisi ni Mhispania? Kwa nini mrembo wa pili ni Mjerumani na hana la kufanya ila kuogelea? Kila sura ni stakabadhi. Mmarekani anakaa mbele ili filamu iuzike ng'ambo, wengine wanapangwa nyuma yake kufuatana na mikataba.

Hata ukanda wa filamu ulibanwa. Ukanda wa kawaida wa milimita 35 husogea matundu manne kwa kila picha. Technicolor ya Italia ilileta mtindo uitwao Techniscope, ambapo ukanda unasogea matundu mawili tu: kipande kilekile kinapiga picha mara mbili zaidi, na picha inatoka pana, ya kitajiri kabisa. Bei ya ujanja huo unaiona picha ikikuzwa ukutani. Rangi inakuwa na mchanga. Nyekundu ya gari la adui inachemka kama uji. Filamu nyingi za Roma za miaka ile, za majasusi na za wapanda farasi, zina mchanga huo, na mimi nikiuona tu najua niko kwa watu wangu.

Lakini utajiri halisi wa filamu hizi, kwa mtu wa kazi yangu, umo kwenye sauti, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo.

Miaka ya 1930 serikali ya Mussolini haikutaka kusikia lugha ya kigeni kwenye sinema za Italia. Filamu za nje zikalazimishwa kutiwa Kiitaliano, na kazi hiyo ifanyike Italia kwenyewe. Amri ya udikteta ikazaa fani. Vita vilipokwisha, Roma ilikuwa na watia sauti mahodari kupita karibu kila mahali Ulaya, na watengenezaji wakaona: kama tunaweza kumtia Mmarekani Kiitaliano, kwa nini tujisumbue kurekodi sauti uwanjani hata kwa filamu zetu? Basi wakapiga picha na sauti wakaiacha ya baadaye. Uwanjani seremala anagonga misumari upande wa pili wa ukuta, mwongozaji anapaza maelekezo katikati ya busu, ndege inapita, na hakuna anayejali, kwa kuwa sauti ile itatupwa. Mjerumani anasema Kijerumani, Mhispania Kihispania, Mmarekani Kiingereza, na wanajibizana kana kwamba wanaelewana.

Mimi nina mtindo wangu: filamu naianza bila sauti. Natazama midomo. Baada ya dakika chache unajua nani anasema lugha gani, maana p, b na m zinafunga midomo na haziwezi kufichwa. Ndipo nawasha sauti, nione mwenzangu wa Roma alivyojinasua. Mwigizaji amefunga midomo mara tatu, na sentensi aliyoandikiwa mtia sauti haina b hata moja, atafanyaje? Wapo walioongeza mguno. Wapo waliovuta pumzi. Wapo, hasa kwenye filamu za bei ya chini kabisa, walioacha kinywa kiende zake na sauti iende zake, wakutane mwisho wa sentensi. Na mwongozaji mjanja alisaidia: maelezo marefu ya njama anayatoa mtu aliyegeuza mgongo, au yanasemwa kwenye simu iliyoziba mdomo, au kamera inamwangalia anayesikiliza. Ukiona kwenye filamu ya Kiitaliano ya 1966 mtu anaambiwa jambo zito na kamera inamkazia yeye asiyesema, usidhani wakati wote ni sanaa.

Kwa soko la Uingereza na Marekani, sauti za Kiingereza ziliingizwa palepale Roma na wageni waliokuwa wakiishi mjini: waigizaji wasio na majina makubwa, waliokuwa na hata chama chao cha watia sauti. Masikio yangu yameshawazoea. Kuna bwana mmoja ambaye sijawahi kuiona sura yake. Leo ni waziri wa ulinzi, kesho ni dereva wa teksi wa Cairo, keshokutwa ni mwanasayansi mwenda wazimu, na kikohozi chake ni kilekile. Nampenda bwana huyo kuliko Ken Clark.

Wala matajiri wasijitape. Ursula Andress anatoka baharini katika Dr. No na sauti anayosema nayo ni ya Nikki van der Zyl. Goldfinger mwenyewe, Gert Fröbe, alisemewa na Michael Collins. Adolfo Celi katika Thunderball alisemewa na Robert Rietti. Tofauti ni kwamba kwa Bond walilipia muda wa kutosha studio mpaka mshono usionekane. Katika OK Connery mshono unaning'inia. Neil Connery anacheza daktari wa upasuaji wa sura ambaye, pamoja na mambo mengine, anajua kusoma midomo ya watu kwa mbali. Naye katika nakala ya Kiingereza hasemi kwa sauti yake: Mskoti wa Edinburgh anafunua kinywa, inatoka sauti ya Mmarekani. Msoma midomo, wake mwenyewe hausomeki. Sijui kama kuna mtu aliyeliona hilo wakati wanarekodi. Ningekuwepo ningeomba tusimamishe mashine tucheke kwanza.

Kuna aliyeichukua bei poa hii akaipeleka mbali kwa makusudi. Eddie Constantine, mwimbaji mzaliwa wa Marekani, alikuwa akicheza katika filamu za Kifaransa tangu 1953 kama Lemmy Caution, mpelelezi wa vitabu vya Mwingereza Peter Cheyney. Mwaka 1965 Jean-Luc Godard akamchukua Constantine yuleyule, koti lilelile na kofia ileile, akamweka katika Alphaville, mji wa sayari nyingine unaotawaliwa na kompyuta. Mji hakuujenga. Alipiga picha Paris usiku, kwenye majengo mapya ya vioo, akasema huko ndiko mbali. Sauti ya kompyuta akampa mtu ambaye koo lake liliharibiwa na saratani, akizungumza kwa kifaa. Hiyo ndiyo sauti ya kuingizwa inayonitisha kuliko zote ninazozijua. Filamu ikapata Dubu wa Dhahabu Berlin. Claude Chabrol naye, mkubwa mwenzake Godard, aliongoza filamu mbili za jasusi aitwaye Tigre mwaka 1964 na 1965 kwa sababu ya kawaida kabisa: alihitaji kazi.

Ubaya wa filamu hizi sitaufunika. Nchi za watu zilikuwa mapambo. Mwarabu ni wa kufukuzana naye sokoni, Mchina ni wa kuogopwa, na mara nyingi Mchina huyo ni Mtaliano aliyevutwa macho kwa gundi. Wanawake hupigwa kofi kisha hupenda. Nikiwa na vijana wa ofisini naruka sehemu hizo, nikiwa peke yangu naziangalia nikisonya.

Na bado, angalia nyuma ya bega la jasusi. Watengenezaji wa Kommissar X, mfululizo wa filamu saba wa Ujerumani na washirika wake, walimpeleka Tony Kendall na Brad Harris Ceylon, Singapore, Istanbul, Thailand, na mwishowe, mwaka 1971, Pakistan. Frederick Stafford alicheza Agente 505 huko Beirut mwaka 1966, miaka tisa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kufunga barabara ni gharama, basi barabara hazikufungwa. Magari ni ya watu kweli, maduka ni maduka kweli, na pembeni amesimama mtoto na baiskeli, anaitumbulia macho kamera. Hakulipwa, hakuambiwa aondoke. Bond alipofika mahali mji ulisafishwa kwanza. Hawa wa bei poa waliukuta mji ukiendelea na shughuli zake wakapita katikati, na leo hiyo Beirut ya 1966 unaweza kuitazama ikitembea, mradi uvumilie risasi.

Kwetu jasusi wa bei poa alikuja pia kwa karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la Drum lilichapisha gazeti la picha lililoitwa African Film, na shujaa wake Lance Spearman, "the Spear" kwa waliomzoea, alisomwa Nairobi na Dar es Salaam kama alivyosomwa Lagos na Accra. Mwigizaji wake alikuwa Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Mtu mweusi, kofia kichwani, suti kali, akiwapiga waovu katika mji wa Afrika usiotajwa jina na usio na ubaguzi, ilhali aliyepigwa picha alitoka kwenye nchi ya ubaguzi. Ilikuwa ni filamu isiyo na sauti wala mwendo. Maneno yalichapwa juu ya picha, na sauti ya Spear kila msomaji alimtilia yake. Kwa Kiswahili kulikuwa na Faraji Katalambulla, aliyetoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kuanzia 1974 Elvis Musiba na Willy Gamba wake wa Kufa na Kupona. Gamba ndiye wa kwanza kati yao wote niliyekutana naye. Yeye angalau alikuwa na vita vya maana: ukombozi wa kusini mwa Afrika, wakati Kamati ya Ukombozi ikiwa hapahapa Dar es Salaam. Majasusi wa Roma walikuwa wakitafuta mitambo iliyoibwa, na hata wao hawakuonekana kuijali.

Mwisho wao ulikuja bila msiba. Sergio Leone alitoa Per un pugno di dollari mwaka 1964, na kadiri faida ya filamu za farasi ilivyoonekana, mafundi walihama. Sollima alitoka kwa Agente 3S3 akaenda kutengeneza La resa dei conti. Parolini aliacha Kommissar X, na 1969 akatoa Sabata. Suti zikarudi sandukuni zikatoka kofia pana. Ukisikiliza, hata wale watia sauti ni walewale. Waziri wangu wa ulinzi sasa ni sherifu, bado anakohoa.

Nakala nyingi za filamu za majasusi zilibaki kwenye kanda za video, zilizochujuka rangi, nyingine na maandishi ya Kigiriki chini, zikipita mkono kwa mkono kati ya wapenzi. Mwaka 2004 Matt Blake na David Deal walizikusanya katika kitabu, The Eurospy Guide. Miaka miwili baadaye Michel Hazanavicius akamfufua OSS 117 kwa mzaha, Jean Dujardin akicheza, na hapo likatokea jambo ambalo Hunebelle asingeliamini: watu walilipwa vizuri kutengeneza upya ule mtindo wa zamani wa dereva anayezungusha usukani huku barabara nyuma yake ni picha tu kwenye kitambaa. Filamu ya tatu ya mfululizo huo, ya 2021, sehemu yake ilipigwa Kenya.

Nimeulizwa ofisini, kama mzaha, nikipewa moja niitie Kiswahili nitachukua ipi. Nilijibu kabla swali halijaisha: A 008, operazione Sterminio, ya Umberto Lenzi, 1965, inayozunguka Cairo na Uswisi kutafuta kifaa cha kuhadaa rada. Agenti 008 ni mwanamke, Ingrid Schoeller, na ndiye mwenye akili humo ndani. Tena midomo ya Waitaliano wanaomzunguka itatufaa. Maneno yao karibu yote huishia kwa irabu kama yetu, kinywa kinabaki wazi, una nafasi ya kumalizia silabi. Kituruki kinanifungia mlango kwenye k na r nikiwa bado nina maneno mdomoni. Sauti ya 008 nitaifanya mwenyewe, hilo halina mjadala. Adui nitampa mzee mmoja ninayemjua Tanga, mpole kupita kiasi, ambaye akikusalimia tu unajihisi una hatia. Walinzi wote wanaoporomoka kwenye ngazi atawafanya fundi wetu wa sauti, mmoja baada ya mwingine, kwa malipo ya mtu mmoja.